Kilo Zilizorudi, Nani Alizirudisha?

Ipo hukumu inayotolewa kati yetu karibu kila juma bila mshitakiwa kupewa nafasi ya kujitetea. Mwanamume aliyekuwa mnene anapungua kilo kumi na tano. Kwa miezi sita watu wanamsifu, wanamwuliza siri yake, wanampiga begani kwa furaha. Mwaka wa pili tumbo linaanza kurudi, vifungo vya shati vinalalamika tena, na hapo hukumu inasomwa, mara nyingi kwa kicheko: "Hakuwa na nia." Wenye kupenda msamiati wa kanisani huongeza neno zito zaidi: mlafi. Sisi tunaikataa hukumu hiyo. Haisemi kweli juu ya mwili wa mwanadamu, haimtendei haki mtu mwenyewe, na tena, jambo linalotuchoma zaidi, wengi wa wanaoisoma ndio waliomsaidia mshitakiwa kuzirudisha kilo zile, sahani kwa sahani na chupa kwa chupa.

Tunajua pingamizi la kwanza litatoka wapi. Mtu atauliza kama ni halali kuandika juu ya unene katika Kongo, nchi ambamo watu zaidi ya milioni 20 hawana uhakika wa chakula, na ambamo familia nzima za mashariki zinalala njaa kambini. Swali ni la haki. Lakini mnene na mwenye njaa wanakaa katika avenyu moja, na mara nyingine chini ya bati moja. Baba mwenye mshahara, anayelisha watu kumi na wawili, ndiye mara nyingi mwenye tumbo, na ndiye anayepatwa na kisukari na shinikizo la damu kabla ya kufika miaka 50. Dawa zake za kila mwezi zinakula pesa ya minervali ya watoto. Siku anapopooza upande mmoja, nyumba nzima inapooza naye. Daktari alipomwambia apungue, hakuwa anamwuzia urembo. Zaidi ya hayo, njaa na unene ni ndugu wa karibu kuliko tunavyodhani, kwa maana ni njaa ya vizazi vingi iliyoufundisha mwili wa binadamu kung'ang'ania mafuta yake. Asiyeelewa jambo hili hawezi kuelewa kwa nini kilo zinarudi.

Mwezi wa Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, vijana wanaume 36 walijitoa kufanyiwa jaribio. Walikuwa wamekataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri zao, na walitaka kuwatumikia wanadamu kwa njia nyingine: vita ilikuwa inaelekea mwisho wake, mamilioni ya watu wa Ulaya walikuwa wamedhoofika, na wataalamu hawakujua vizuri namna ya kuwarudisha katika afya watu waliokaa na njaa muda mrefu. Mtafiti Ancel Keys aliwapa vijana hao chakula pungufu kwa majuma 24, huku wakiendelea na kazi zao na kutembea kilometa nyingi kila juma. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Waliota chakula. Walisoma vitabu vya mapishi kama wengine wasomavyo riwaya, na walilamba sahani bila aibu, wao waliokuwa watu wa adabu. Kisha kizuizi kikaondolewa. Baadhi yao walikula hata tumbo likauma, na bado wakasema wanasikia njaa. Wale waliofuatiliwa baadaye walirudia uzito wao wa zamani, wakaupita, na kilichozidi kilikuwa hasa mafuta.

Tunawauliza wenye hukumu: je, na hawa walikosa nia? Watu waliokubali kudharauliwa na taifa lao kwa ajili ya dhamiri, kisha wakakubali kukaa na njaa nusu mwaka kwa ajili ya watu wasiowajua? Wenye nia kuliko wao tutawatafuta wapi?

Mtu atajibu kwamba vijana wale hawakuwa wanene hapo mwanzo. Ni kweli. Basi na tuwatazame wanene.

Mafuta ya mwilini yanafanya kazi. Hayakulala tu kama gunia katika ghala. Yanatoa homoni iitwayo leptini, ambayo ni kama barua inayopelekwa kwenye ubongo kutangaza kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, barua zinapungua, na ubongo unaelewa kwamba njaa imeingia nchini. Tumbo nalo lina homoni yake, grelini, inayoamsha hamu ya kula, nayo inapanda. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo juu ya watu 50 wenye uzito kupita kiasi waliowekwa kwa majuma 10 katika chakula kidogo sana. Walipopimwa mwaka mmoja baadaye, homoni hizo zilikuwa bado hazijarudi mahali pake, na washiriki walikuwa bado wanasikia njaa kuliko walivyosikia kabla ya kupungua. Mwaka mzima, na mwili haujasahau.

Mwaka 2016 ukaja uchunguzi mwingine, ambao ungetosha peke yake kufunga midomo mingi. Mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwapima upya watu 14, wanaume na wanawake, walioshindana katika mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao The Biggest Loser, ambamo mshindi ni yule anayepoteza uzito mkubwa. Watu hawa walikuwa wamepoteza, kwa wastani, kilo 58. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha kilo 41 kati ya hizo. Na miili yao ilikuwa inatumia, katika hali ya kupumzika, kalori karibu 500 kwa siku pungufu ya kiasi kilichotazamiwa kwa watu wa ukubwa wao. Ni kama mtu aliyepunguziwa mshahara bila barua, naye anaendelea kulaumiwa kwamba hajui kutunza pesa.

Kuna hesabu nyingine ya mwaka uleule, ya mtafiti huyohuyo na wenzake, ambayo tungependa kila anayecheka aiweke moyoni. Walikadiria kwamba kwa kila kilo moja mtu anayoipoteza, mwili wake hupunguza matumizi kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini hamu ya kula huongezeka kwa kalori 100 hivi. Fanyeni hesabu wenyewe. Mwanamume aliyepungua kilo 10 anaamka kila asubuhi na njaa inayomdai karibu kalori 1000 juu ya alizozizoea, ndani ya mwili unaohitaji 200 au 300 pungufu. Anaishi hivyo Jumatatu, anaishi hivyo Jumanne, anaishi hivyo siku ya arusi ya mdogo wake. Kupungua kulikuwa vita ya miezi michache, na watu walikuwa wakipiga makofi. Kubaki pale alipofika ni kazi ya miaka, na kwa kazi hiyo hakuna anayepiga makofi, kwa sababu hakuna kinachoonekana. Kilo 85 mwezi wa tatu, kilo 85 mwezi wa tisa: nani ataona habari hapo?

Basi turudi kwa neno lile, ulafi. Kanisa linaufundisha kuwa ni mmoja wa vichwa vya dhambi, na hatuna nia ya kulipunguza fundisho hilo. Lakini dhambi inahitaji ridhaa ya mtu, na njaa haiombi ridhaa. Kijana aliyezaliwa mwembamba, anayekula sahani tatu za bukari na nyama kwenye sikukuu ya parokia na bado mkanda wake hauongezi tundu, hajawahi kuitwa mlafi hata siku moja. Jirani yake aliyepungua, anayekula sahani moja na kutazama sufuria kwa macho, anaitwa hivyo mara tu shavu lake linapojaa. Ni nani kati ya wawili hao aliyejinyima? Mtu asiyewahi kupimana nguvu na njaa ya namna ile hana sababu ya kuuita urahisi wake fadhila. Tunasema hayo kwa ukali kidogo, kwa sababu tumelisikia neno hilo likitumiwa hata katika maonyo ya kiroho, mbele ya watu, kwa baba mwenye wajukuu.

Lakini homoni peke yake haielezi yote. Kuna sehemu ya pili ya kesi, na hapo mshitakiwa anageuka kuwa sisi sote.

Katika miji yetu, kuanzia Lubumbashi hata Bukavu na Kisangani, tumbo la mwanamume limekuwa aina ya cheo. Mtu akipata kazi nzuri tunangoja kuona anene. Asiponenepa tunashuku kwamba mshahara hauji, au kwamba ana mambo ya siri. Mnene tunamwita bwana mkubwa hata kabla hatujajua anafanya kazi gani, tunamtafutia kiti cha mbele, tunamjazia sahani kwa kijiko kikubwa zaidi. Mwanamume huyo akipungua, anakuwa kama ofisa aliyevuliwa nyota. Maswali yanaanza. "Yaya, uko mgonjwa?" "Baba, mbona umekauka hivyo?" Na lile linalosemwa nyuma ya mgongo wake, kwa sauti ya chini, linatoka katika miaka ya uchungu ambayo wazazi wetu wanaikumbuka. Mwaka 1985 waganga waliokuwa wakichunguza ugonjwa mpya kusini mwa Uganda waliandika kwamba wenyeji wa huko waliuita "slim", yaani wembamba. Baadaye dunia yote ikajua kwamba ni UKIMWI. Tangu hapo, katika ukanda wetu wote, kukonda kumebeba shaka. Leo wenye virusi wanaomeza dawa wanaishi na miili imara, lakini shaka ile haijafa, nayo inamngoja kila mwanamume anayeshuka kutoka kilo 105 hadi 88 kwa agizo la daktari.

Kuna mwingine anayeshitakiwa pamoja naye, ambaye watu husahau kumtaja: bibi yake. Mume akipungua, mama mkwe anauliza, majirani wanauliza, na shemeji anasema waziwazi: "Ndugu yetu hapikiwi." Mwanamke ambaye kwa miezi mingi alipunguza mafuta ya mawese kwenye sombe, aliyechemsha samaki badala ya kukaanga, aliyejifunza kupika lengalenga kwa nyanya na kitunguu tu, anaambiwa kwamba anamwua mumewe kwa njaa. Ni mwanamke wa namna gani atakayevumilia kusemwa hivyo miaka mitatu? Siku moja, ili kuliokoa jina lake, anarudisha kijiko cha mafuta. Kijiko kimoja cha supu kina kalori karibu 120, na sufuria haipokei kimoja. Kilo zinarudi nyumbani kupitia mlango huo wa heshima ya mke, na familia iliyoufungua mlango inashangaa kwamba mume "ameshindwa".

Halafu kuna marafiki wa jioni. Chupa kubwa ya pombe ya sentilita 72 ina kalori karibu 300, ambazo mwanamume mzito anazimaliza kwa kutembea saa moja hivi kwa mwendo wa wastani. Chupa tatu, saa tatu za kutembea. Hatusemi kwamba kunywa ni kosa; tunasema kwamba kukataa kumefanywa kuwa kosa. Mwanamume anayeagiza maji anaulizwa kama ameokoka, kama amehamia makanisa ya uamsho, kama ana deni. Anayelipia meza anaona ametukanwa. Ndipo mtu anakunywa ili asiwe habari ya jioni ile, na kesho yake anakunywa tena kwa sababu jana alikunywa. Fanta na ndugu zake hawana msaada mkubwa hapa: chupa ndogo ya sentilita 33 ina sukari gramu 35 hivi, na ndiyo tunayomletea kwa wema tukidhani tumemwokoa.

Juu ya wauzaji wa chai za kupunguza tumbo, unga wa miujiza na mafuta ya kupaka, hatutasema mengi. Kinachotoka katika siku tatu za kuharisha ni maji, na maji hurudi. Lakini tunawaomba msiwachanganye matapeli hao na dawa halisi. Zipo sindano mpya, kama semaglutidi, ambazo kweli hupunguza hamu na uzito, nazo ni ghali kupita mifuko ya wengi wetu. Hata hizo zinaungana nasi katika hoja yetu: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watu walioacha kuzitumia walirudisha theluthi mbili za uzito waliopoteza katika muda wa mwaka mmoja. Walikuwa na nia ileile siku walipochoma sindano na siku walipoiacha. Kilichobadilika ni njaa.

Na Kwaresima? Tumesikia wanaume wakisema kwa fahari kwamba wanaitumia "kushusha tumbo", kisha Pasaka inawakuta mezani na hasira ya siku arobaini. Mfungo una maana yake, ambayo ni toba na sadaka kwa maskini, na tunaomba usigeuzwe kuwa mpango wa kilo. Kwa upande wa kilo zenyewe, siku arobaini za kujinyima kwa nguvu na kisha kuachilia ni njia ya uhakika ya kurudi ulikotoka.

Je, kuna wanaume wanaofaulu? Wapo, na wamechunguzwa. Huko Marekani, mwaka 1994, wataalamu Rena Wing na James Hill walianzisha daftari la watu waliopungua angalau kilo 13 na nusu hivi na kukaa pale kwa mwaka mmoja au zaidi. Maelfu wamejiandikisha. Mtu anayetafuta siri katika daftari hilo atachoka, kwa kuwa halina siri. Wengi wao hula asubuhi kila siku. Robo tatu hujipima kwenye mizani angalau mara moja kwa juma. Wengi hutazama televisheni kidogo. Na tisa katika kumi hufanya mazoezi, kwa wastani saa moja kwa siku, na zoezi linalotajwa kuliko yote ni kutembea kwa miguu.

Tunataka mlitafakari hilo la kutembea, kwa sababu kwetu lina historia ya ajabu. Mwanafunzi anatembea. Mchuuzi anatembea. Mwanamume wa Kongo anatembea mpaka siku anapopata mshahara, na kitu cha kwanza anachonunua kwa mshahara huo ni ruhusa ya kuacha kutembea. Anapanda moto kwenda sokoni, anapanda moto kwenda Misa, mita mia sita. Kumwona mkubwa wa ofisi akitembea kwa miguu kunawatia watu huruma, wanasimamisha gari kumwokoa. Tumeifanya miguu kuwa alama ya umaskini, kisha tunashangaa kwamba mwenye kupungua hana pa kupeleka kalori zake.

Katika daftari lile la Marekani kuna jambo jingine: karibu wanane katika kumi ni wanawake. Wanaume ni wachache, kama walivyo wachache katika vikundi vya namna hii karibu kila mahali. Mwanamume anaona aibu kuhesabu vijiko mbele ya watu. Anaweza kukaa na njaa peke yake kwa hasira, kama mtu anayeshindana, kinachomshinda ni kusema, "Nisaidieni."

Waskoti walilishughulikia tatizo hilo kwa akili. Walijiuliza wanaume wanene wa umri wa makamo wanapenda kwenda wapi bila kulazimishwa, na jibu likawa uwanja wa mpira. Wakaanzisha mpango uitwao Football Fans in Training katika timu za ligi yao. Wanaume wa miaka 35 hadi 65 walikutana mara moja kwa juma, kwa majuma 12, ndani ya uwanja wa timu yao wenyewe, wakiongozwa na makocha wa timu hiyo. Nusu ya muda walikaa kuzungumza juu ya chakula, pombe na tabia za nyumbani. Nusu nyingine walifanya mazoezi yanayolingana na umri wao. Walipewa kifaa cha kuhesabu hatua. Walitaniana, kama watu wa mpira wanavyotaniana, lakini hakuna aliyemcheka mwenzake kwa tumbo, kwa kuwa matumbo yote yalikuwepo. Utafiti wa timu 13 na wanaume 747, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliopitia mpango huo walikuwa wamepungua karibu kilo 5 zaidi ya wale waliokuwa bado wanangoja zamu. Walipofuatiliwa hata miaka mitatu na nusu, walikuwa bado chini ya uzito wao wa kwanza kwa kilo 2.9 kwa wastani, na kama theluthi moja walikuwa bado wamepungua kwa asilimia 5 au zaidi.

Mwenye dharau atasema: kilo tatu tu? Ndiyo, kilo tatu, kwa wastani, baada ya miaka mitatu na nusu, kwa wanaume ambao bila mpango huo wengi wao wangekuwa wanaongezeka. Sehemu kubwa ya kilo zilirudi hata kwao, na tunalisema wazi kwa sababu hoja yetu haihitaji miujiza. Mwanamume aliyepungua kilo 12 na kurudisha 6 ameshinda kilo 6. Mioyo yetu migumu ndiyo inayomwandika katika orodha ya walioshindwa.

Yupo pia utafiti wa Rena Wing na wenzake wa mwaka 2006, uliowahusu watu 314 waliokuwa tayari wamepungua, kwa wastani kilo 19. Hawakufundishwa kupungua, walifundishwa kubaki. Kundi moja lilipelekewa barua za habari tu. Kundi la pili lilifuata mpango kwa intaneti, na la tatu walikutana ana kwa ana. Waliokuwa na mpango walifundishwa kupanda kwenye mizani kila siku na kuchukua hatua mapema, kilo moja au mbili zinapoongezeka, kabla hazijawa kumi. Baada ya miezi 18, katika kundi la barua, watu 72 katika 100 walikuwa wamerudisha kilo mbili na ziada. Katika kundi la intaneti, 55. Katika kundi la waliokutana uso kwa uso, 46. Bado ni karibu nusu. Lakini tazameni umbali kati ya 72 na 46, na mjiulize umenunuliwa kwa kitu gani. Mizani, chumba, viti, na watu wanaojua jina lako.

Hapo ndipo tunapowageukia ninyi vijana wa Kiro, wa Xaveri, wa Skauti, wa kwaya na wa mashirika ya mitaa. Chumba mnacho. Viti mnavyo, hata kama vingine vina miguu mitatu. Mnakutana kila juma bila kulipwa. Mnao wapenzi wa Mazembe na wa Lupopo ambao wangetembea kilometa tano kwa ubishi tu, kila mmoja akitaka kumfikisha mwenzake mwisho wa njia akihema. Kile ambacho Waskoti walikitafuta kwa fedha za serikali kimelala katika ua wa parokia zenu, na mnakitumia kupanga sikukuu ambamo kuna kreti kumi na mbili za pombe na hakuna ndoo moja ya maji safi ya kunywa.

Na msidhani kwamba tunawazungumzia baba zenu peke yao. Kijana anayecheza mpira kila jioni akiwa na miaka 22 anapata kazi akiwa na 28, anaoa akiwa na 30, anaacha mpira kwa sababu ya goti au ya ofisi, na anaendelea kula kama mshambuliaji. Akifika 38 daktari atamwambia lile alilomwambia baba yake. Wakati huo atahitaji watu ambao hawatamwuliza kama ni mgonjwa.

Tunachodai, basi, ni vitu vidogo, na tunadai vianze kabla ya Noeli. Katika sikukuu za makundi yenu, kila mtu ajichotee mwenyewe, na atakayemwongezea mwingine bila kuombwa aambiwe kwa heshima arudishe kijiko. Maji yawe mezani kabla ya chupa nyingine. Mwanamume aliyepungua asiulizwe habari ya afya yake mbele za watu, na bibi yake asiulizwe kabisa. Jumamosi moja kwa juma, saa kumi na mbili asubuhi, wanaotaka watembee pamoja, wazee kwa vijana, mwendo wa yule aliye wa mwisho. Na inunuliwe mizani moja ya kusimamia, inayofika kilo 150, ambayo bei yake haifiki ya kreti zile mlizonunua mara ya mwisho. Iwekwe katika chumba chenye mlango unaofungwa, si ukumbini. Kila mtu aandike namba yake mwenyewe katika daftari lake mwenyewe, aende nalo nyumbani. Na yeyote atakayeisoma namba ya mwingine kwa sauti, hata kwa utani, asikabidhiwe tena ufunguo.